Herufi Moja Mgongoni mwa Jezi

Mafuru, ndugu yangu,

Miaka yote hii nawafundisha watoto wa darasa la sita kuandika barua ya kirafiki. Anwani juu kulia, tarehe, mpendwa fulani, kisha "natumaini u mzima wa afya, nami huku ni mzima". Leo nimeshika kalamu nikuandikie wewe na nimekwama hapo hapo kwenye afya. Anwani nayo sina. Basi niruhusu niingie bila kubisha hodi, kama ulivyokuwa unaingia kwangu, viatu mlangoni na swali mdomoni: "Mwarimu, mmekura?" Na mke wangu Tabitha anakujibu toka jikoni kwamba uchaguzi bado, ila ugali upo.

Nakuandikia kwa sababu ya jezi.

Jezi za msimu mpya. Kulwa, yule dada wa Makoroboi anayetuchapia, ametuma michoro mitatu kwenye kundi la klabu. Tumekaa kikao, tumebishana, tumechagua. Kilichobaki nimepewa mimi peke yangu: nisome maandishi yote yatakayokuwa kwenye jezi, nisahihishe, nimrudishie Kulwa aanze kuchapa. Kwa mwalimu wa Kiswahili hilo ni embe lililokwisha menywa. Jina la klabu nimelisoma, liko sawa. Jina la mji liko sawa. Limebaki lile neno la mgongoni, unalijua, na nimekaa hapa ofisi ya walimu, watoto wameshakwenda makwao, madaftari yamejaa mezani, simu iko mbele yangu, na sijamjibu Kulwa. Nimeona nizungumze na wewe kwanza.

Lakini habari zitangulie, maana najua ungeniuliza.

Daraja la Kigongo limefunguliwa. Lile ulilokuwa unalitazama toka kwenye feri, nguzo baada ya nguzo, ukiapa kwamba siku likiisha utalivuka kwa miguu mpaka Busisi na kurudi, mpira kwapani. Limeisha, Mafuru. Gari linapita juu ya maji na dereva hata redio hazimi. Tulipokwenda kucheza Geita vijana walijazana madirishani kupiga picha, wanapiga vigelegele kama wako harusini. Mimi nilikuwa natazama kule chini feri ilikokuwa inatia gati. Pale ndipo ulipotufundisha skramu ya raga. Watu wanasubiri kuvuka, wauza mihogo wamesimama wanatushangaa, na wewe umetupanga sakafuni katikati ya malori, wanane huku na wanane kule, tumeinama, tumefungamana mabega, kila mtu kamshika mwenzake jezi, tunasukumana. Mama mmoja mwenye tenga la kuku akauliza kama hawa vijana wameshikwa na tumbo wote kwa pamoja. Ulicheka mpaka skramu ikabomoka.

Namba moja, nafasi yako, sasa anacheza Deo, seremala wa Igogo. Ana nguvu, ana heshima, hachelewi mazoezini. Ila kwenye skramu ananishika jezi kwa ncha za vidole kana kwamba ataichafua. Wewe ulikuwa unakamata kitambaa chote cha ubavuni mwangu kwa ngumi, na hapo nilikuwa najua kwamba hata wakitusukuma mpaka ziwani tutaingia wawili. Jezi zangu zote za zamani zimevutika ubavuni. Tabitha aliniuliza kama azigeuze matambara ya kudekia. Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikukusudia iwe kubwa vile, akazikunja akazirudisha kabatini, hatujazungumza tena habari hiyo.

Haya, michoro. Ningetoa chochote uwe ulikuwepo siku ile.

Wa kwanza ulikuwa wa buluu, na kifuani kachora Jiwe la Bismarck. Mwanza yetu hii, bwana, mtu akifungua hata saluni lazima achore lile jiwe. Deo akasema tukivaa hii watatuuliza kama sisi ni timu au ni kampuni ya maji ya chupa. Tukaukataa. Wa pili ulikuwa mweusi tupu wenye michirizi myekundu. Ulikuwa mzuri, sikatai, lakini jua la saa nane pale kiwanja cha Butimba unalijua, tungeiva. Wa tatu ndio huu tuliochukua: kijani, na mikono ya rangi ya tope, na kifuani kamongo wako.

Wako, ndiyo. Sisi wote tulitaka klabu iitwe Sangara. Wewe ukasimama ukasema sangara ni samaki wa kusafirishwa, anapendeza kwenye barafu, ila ukimtoa majini tu amekwisha. Kamongo maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anakaa humo kiangazi kizima, mvua ikinyesha anatoka na njaa yake. Ukasema raga inachezwa topeni, kwa hiyo tuchukue mwenye tope. Tukakupigia makofi. Kulwa mara ya kwanza alimchora kamongo kama nyoka aliyemeza kandambili. Kundi zima likapiga kelele, nikaenda sokoni Mwaloni kwa wenzako mafundi wa injini za mitumbwi wakanitafutia kamongo mzima, nikampiga picha akiwa ndani ya karai, ananitazama kwa dharau. Sasa ametoka vizuri, hata yale mapezi yake kama vipande vya kamba.

Kitambaa ndicho kilichonikera. Brayani, kijana wetu wa pembeni aliyehamia hapa toka Dar, mwenye mbio zile, alileta sampuli. Chepesi, kinabana, tumbo langu lote lilikuwa hadharani. Akanieleza kwamba kimetengenezwa kiteleze ili mpinzani akikushika asipate kitu. Nikamuuliza, na mwenzangu atanishika wapi? Wote wakacheka. Sikuwa natania. Mwisho tukakubaliana mstari wa mbele tushonewe kitambaa cha zamani, kile kizito.

Sasa neno.

Unakumbuka lilivyoanza? Wageni wa raga ilikuwa inawachukua muda kuelewa kwamba mpira wa mkononi hautupwi mbele, unarushwa nyuma kwa mwenzako, huku nyinyi wenyewe mnasonga mbele. Vijana walikuwa wanachanganyikiwa, wakirusha mpira nyuma na wao wanarudi nao. Ukawa unawapigia kelele uwanja mzima: "Mpila unaludi, sisi hatuludi!" Ikawa ndiyo sala yetu. Tulipopata jezi za kwanza ukataka neno hilo liwekwe mgongoni chini ya kola, ukampigia Kulwa simu ukiwa Mwaloni, injini ya mtumbwi inanguruma pembeni, ukamwambia andika hatuludi, herufi kubwa. Kulwa ni Msukuma wa Kwimba. Aliandika alichosikia, na alichosikia hakikumwasha sikio. Mjita kasema, Msukuma kaandika, na kosa likapita katikati yenu kama mbuzi kwenye ua wa minyaa.

Mimi nilikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani wiki ile. Niliziona asubuhi ya mechi, wenzangu wamekwisha vaa, wamenipa migongo. HATULUDI. HATULUDI. HATULUDI. Nilishika kichwa. Na wewe ukaniwekea mkono begani, mpole kabisa: "Soma kwa sauti, Mwarimu. Si ndivyo tunavyosema?"

Watu walikuwa wanasema huna r. Si kweli. Ulikuwa nazo zote mbili, tena imara, ila zilihamiana nyumba: l ikaenda kukaa kwa r, na r kwa l. Wapinzani wetu walicheka mpaka kipindi cha kwanza kilipoisha, halafu wakaacha, maana tulikuwa tunaongoza. Kipindi cha pili watazamaji wakaanza kulipiga kelele wenyewe, hatuludi, hatuludi, na toka siku hiyo hakuna aliyetuita Kamongo kando ya uwanja. Tukawa ndio hao, Hatuludi.

Mafuru, hujui hili. Tulizivaa siku ya kukuzika.

Ulituacha asubuhi, kazini, bila hata kuaga. Spana mkononi, wakadhani umeinama kutazama propela. Moyo, alisema daktari. Tulikupeleka Majita kwa mama yako, na timu nzima ilisimama kaburini ndani ya zile jezi, juu ya suruali za heshima. Wazee wa kwenu walizisoma. Niliwaona midomo ikitembea. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeona kosa, maana huko kwenu ndivyo linavyosemwa. Kisha mchungaji akamaliza, tukaanza kuondoka, mimi nikabaki nyuma kidogo. Mbele yangu ile migongo yote inateremka kuelekea ziwani, inakuacha pale, na kila mgongo unasema vile. Nilikaa chini kwenye majani. Deo ndiye aliyerudi kuniinua.

Basi, kwenye kikao. Tulikutana Nyamagana, kwenye mgahawa nyuma ya soko, ofisi zimekwisha fungwa. Mwaka huu tunakwenda Arusha, klabu haijawahi kufika huko, na Brayani alisimama kwa adabu kabisa. Akasema, "Mwalimu, kule watatupiga picha. Mimi nampenda marehemu japo nilimkuta muda mfupi. Ila tusiwe kichekesho kabla filimbi haijalia. Tuweke r." Deo naye, ambaye hasemagi, akasema neno la Mafuru lisiguswe, na anayetaka kulisahihisha aende Majita akamwombe mwenyewe ruhusa. Kulwa alikuwepo. Akasema yeye aliandika alivyoambiwa, na ataandika atakavyoambiwa. Halafu wote wakageukia upande wangu. Wewe ni mwalimu, wakasema, na wewe ndiye rafiki yake. Amua.

Nilikuwa nimekwisha kuamua, Mafuru. Nilitaka l.

Ungenicheka. Mtu ambaye kutwa nzima anatembea na kalamu nyekundu, asubuhi hiyo hiyo nimepiga mikasi "nimeludi" na "chakura" kwenye madaftari ya watoto wa watu, halafu nageuka kutetea kosa kwa herufi kubwa. Lakini lile si kosa kwangu. Ile ndiyo sauti yako. Picha zako ninazo, nikizitazama naona mtu ananitazama. Nikisoma lile neno nasikia mtu ananiita. Kitu gani kingine kimebaki chenye sauti yako? Na kuna jingine, sikumwambia mtu. Nilijaribu kuliandika kwa r, kwa chaki, kwenye mfuniko wa boksi, nione litakavyokaa. HATURUDI. Nikalifuta haraka kwa kiganja. Kwa l ni utani, ni uwanja, ni wewe na kelele zako. Kwa r ni Kiswahili sanifu na lina maana moja tu, na hiyo maana nilikuwa sijawa tayari kuivaa mgongoni.

Basi jana nikaenda Kirumba kumwambia shemeji Pendo kwamba herufi yako inabaki. Nilidhani nampelekea zawadi.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Yuko salama, amekonda kidogo, anacheka tena siku hizi, si kama zamani lakini anacheka. Nikamweleza yote, kikao, Arusha, Brayani, nikamaliza kwamba mimi nimesimama na l mpaka mwisho. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Shemeji, ina maana hakukwambia?"

Hukuniambia.

Hukuniambia kwamba Rehema wako alipoanza darasa la kwanza waliulizwa majina, akasimama akasema anaitwa Lehema. Kwa nini asiseme hivyo, ndivyo ulivyokuwa unamwita toka siku aliyozaliwa. Wenzake wakamcheka. Akaja nyumbani akakusubiri mlangoni, umetoka Mwaloni na grisi yako, akakuuliza, "Baba, mimi naitwa nani?" Pendo anasema ulikaa chini pale pale kizingitini. Anasema toka jioni ile, ukishaoga, ulikuwa unasimama mbele ya kioo cha kabati unaushughulisha ulimi wako. Rehema. Haturudi. Rehema. Haturudi. Haturudi ulilichagua kwa sababu ndilo neno ulilolijua kuliko maneno yote. Mara unapata, mara unakosa, ukikosa unajicheka mwenyewe, ukipata unamwita Pendo aje asikie. Na ulikuwa umemwapisha asiniambie. Ulitaka siku utakapoiweza bila kuteleza unipigie simu, useme maneno yote mawili mfululizo, kisha ukate.

Nilisubiri Pendo aniambie kwamba ananitania. Alikuwa analia, lakini mikono bado iko kwenye mchele. Akasema, "Iandike vizuri, Shemeji. Alikuwa karibu kufika."

Sijui nilivyojisikia nikuelezeje. Nilikaa kwenye kile kigoda chako nikalia kama mtoto, na nikakukasirikia pia, nataka ulijue hilo. Nilikukasirikia kwa ile simu. Mimi ningekaa nayo maisha yangu yote, ile simu. Muda wote toka uondoke nilikuwa nimekumbatia herufi ambayo wewe mwenyewe ulikuwa unahangaika kuitoka, kila jioni, kwa ajili ya jina la mwanao. Nilidhani namlinda Mafuru. Nilikuwa namlinda Mafuru wa kwangu, yule wa utani na uwanja. Huyu wa mbele ya kioo nilikuwa simjui, na nimempenda zaidi, na amekuja nimechelewa.

Ndipo Rehema akaingia toka shule. Amekuwa mrefu, miguu yako ile ile, magoti yametangulia. "Shikamoo, Mwalimu Shija." Marahaba, mama. Akanitolea daftari la kuchora bila kuombwa. Hii rangi amepewa na mwalimu, hii karatasi ameichana mwenyewe, huu mstari ameupiga kwa rula. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio la kazi, siwezi kujizuia. Rangi. Karatasi. Mstari. Rula. Kila r imekaa mahali pake, safi, imesimama. Nikafurahi, nikasema moyoni, haya, kazi ya baba yake haikupotea. Juu ya daftari kumeandikwa Rehema, kwa mwandiko wake, bila kosa. Nikaweka kidole pale nikamwambia anisomee.

Akanitazama usoni akasema, "Lehema."

Nikatazama maandishi, nikamtazama yeye. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha funguka, unajua tena, miaka yote hii ya ualimu. Pendo nyuma yake akanitikisia kichwa. Alipokwenda kubadilisha nguo za shule mama yake akaniambia anaweza. Anaweza vizuri kabisa, hata shuleni wanajua anaweza. Hataki. Kaambiwa na mwalimu wake, kaambiwa na bibi, wenzake wamemcheka mpaka wamechoka, anasema Baba alimwita hivyo na yeye ndivyo anavyoitwa.

Mafuru. Wewe ulikuwa unakimbilia r kwa ajili yake, na yeye amebaki na l kwa ajili yako.

Nimemaliza kukusimulia. Sasa nimeshika simu. Ngoja nimwandikie Kulwa kabla hujanishawishi vinginevyo.

Nimemwandikia. Kifuani pako sawa. Mgongoni, herufi ya tano ni R. H, A, T, U, R. Nimeitazama mara mbili, nikaituma, na Kulwa amejibu, "Sawa Mwalimu, una uhakika?" Nimemwambia ndiyo. Halafu nimelisoma kwa sauti hapa ofisini peke yangu, lile lile nililolifuta kwenye mfuniko wa boksi. Haturudi. Linauma, ndugu yangu. Lakini ni neno lako, ulilitolea jasho, na safari hii tutalivaa kama ulivyotaka kulisema. Deo nitamweleza mwenyewe, atanielewa nikimwambia habari ya kioo. Vijana midomo yao siwezi kuisahihisha, wakiwa uwanjani watapiga kelele wanavyojua, na Arusha wacheke wakitaka.

Nitafunga barua hii, jua linaingia dirishani na bado nina madaftari. Nitayapitia yote, na kalamu nyekundu haitamwonea mtu huruma, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Pumzika, Mafuru. Hapa nyuma tumeshikana, mkeo hatumwachi, mama yako Majita tutakwenda kumwona mvua zikianza. Jumamosi nitapita Kirumba kumchukua binti yako aje atuone mazoezini na jezi mpya. Nikifika mlangoni nitamwuliza mtoto huyu mzuri anaitwa nani, naye atanijibu anavyojibu.

Huyo, nakuahidi, sitamsahihisha.

Shija